Tuuze nyumba ya babu iwe hoteli, au mji mkongwe bado una maisha?

Swali nalifupisha. Dada mmoja na ndugu zake watatu wamerithi nyumba ya ghorofa mbili katikati ya mji mkongwe, kuta za mawe na chokaa, dari za boriti, mama yao bado anakaa chini. Amekuja mwekezaji anataka kununua yote aifanye hoteli. Kaka mkubwa anataka kuuza, mdogo anasema pale ni magofu tu, miaka kumi ijayo hakuna atakayekaa, na juu ya hayo kuta zinatoka jasho na kumwaga unga mweupe tangu walipopiga lipu mpya. Dada anauliza: hii mitaa ya zamani ina kesho yoyote ya watu kuishi, au ndo imeshakuwa ya kupigia picha? Na sisi tufanye nini?

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Umeuliza maswali mawili lakini ukinisoma mpaka chini utaona yanagusana.

Mi kazi yangu ni majengo ya zamani, nimezunguka na tepu ya kupimia mpaka magoti yamechoka, na nikifika mji mkongwe wowote sianzi na milango wala nakshi. Nasubiri saa tatu usiku natoka kutembea nikihesabu madirisha yenye taa. Taa za hoteli sizihesabu, zile zinajulikana, rangi moja na mapazia sare. Nahesabu taa za watu: dirisha lenye nguo za mtoto zimeanikwa, redio imefunguliwa, mtu anamgombeza mwenzake kwenye ngazi kwa sababu ya ndoo ya maji. Mtaa wenye madirisha kumi ya namna hiyo nina matumaini nao hata kama lipu imebanduka yote. Mtaa uliopakwa rangi ukapendeza halafu saa tatu uko kimya kama ghala, huo ndo unanitia wasiwasi.

Kwa hiyo mi nikiletewa mpango wowote wa mji mkongwe, uwe wa serikali, wa mwekezaji au wa familia kama yenu, nauliza kitu kimoja kwanza: mwaka kesho watu wanaolala pale kama wakazi wataongezeka au watapungua? Mengine tutajadiliana.

Angalia Venice, manake ndo mfano ambao kila mtu anaujua na bado watu wanausoma vibaya. Mwaka 1951 mji ule wa katikati ya maji ulikuwa na wakazi kama 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000, na mwaka uliofuata vitanda vya watalii vikapita idadi ya wakazi. Sasa nani aliwafukuza? Hakuna aliyewafukuza kwa siku moja. Duka la misumari na bomba lilifungwa likawa duka la vinyago vya ukumbusho, kwa hiyo bomba likivuja unapanda boti kwenda kutafuta washa, kile kipete cha mpira cha bomba, halafu mtoto wa jirani akahama akapangisha chumba kwa wageni wa siku mbili kwa sababu kinaingiza kuliko mpangaji wa mwaka, darasa likabaki na watoto wachache, na mama mwenye mtoto mdogo akiona darasa linapungua naye anaanza kufunga mizigo. Ni mnyororo, kila aliyehama anamrahisishia anayefuata kuhama. Mwaka 2021 walizuia meli kubwa za kitalii kupita mbele ya mji, mwaka 2024 wakaanza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 kwa baadhi ya siku. Sisemi ni vibaya, ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomrudishia mtu fundi bomba wake. Barcelona wameshika pabaya zaidi kwa wenye apatimenti: meya wao alitangaza mwaka 2024 kwamba leseni za nyumba za kupangisha watalii, zaidi ya 10,000, hazitahuishwa zikiisha Novemba 2028. Tutaona kama watashikilia, lakini angalau hapo wamegusa kitanda chenyewe.

Mdogo wako anaposema hakuna atakayekaa, simlaumu, ila mpe hadithi ya Matera, kusini mwa Italia. Watu walikuwa wanakaa kwenye nyumba zilizochongwa kwenye miamba, maskini wa kupindukia, na mwaka 1952 serikali ikatunga sheria ya kuwahamisha, watu kama 15,000 wakapelekwa nyumba mpya. Nia ilikuwa njema, malaria ilikuwepo, watoto walikuwa wanakufa. Lakini mitaa ile ilipobaki tupu ikaanza kubomoka yenyewe, kwa sababu nyumba ya zamani inaishi kwa vitu vidogo vya kila siku, mtu anazibua mfereji, anafungua dirisha, anaona tone la maji darini siku ileile linapoanza. Mwaka 1986 sheria nyingine ikaruhusu watu kurudi na kukarabati, 1993 wakaingia Orodha ya Urithi wa Dunia, ile ya UNESCO. Leo ni pazuri mno, ila sehemu kubwa ya waliorudi ni wageni wa hoteli.

Na mji wa L'Aquila nao, hukohuko Italia. Tetemeko la tarehe 6 Aprili 2009 liliua watu zaidi ya 300, kituo cha mji kikafungwa kwa uzio, watu wakajengewa makazi mapya nje. Nyumba zimekuja kukarabatiwa, nyingine vizuri kuliko zamani, lakini mtu aliyekaa nje miaka mingi ameshapata shule ya watoto na pa kuegesha gari, hurudi kwa shingo upande au harudi kabisa. Kuta zilirudi mapema kuliko watu. Hiyo ikutoshe kumjibu yeyote anayewaambia "hameni tu mara moja tukarabati, mtarudi". Muulize mtarudi lini na iko kwenye karatasi gani.

Ila sitaki ufikiri mi ni wa kulia tu. Wako waliofanya kweli, na ninaowapenda kuliko wote ni Bologna, Italia pia. Mwaka 1969 walipitisha mpango wa mji wao wa kale, na jina linalotajwa sana pale ni la mbunifu Pier Luigi Cervellati. Walipima nyumba moja moja wakazipanga kwa aina, nyumba za mafundi wa kawaida nyembamba na ndefu zikapewa heshima sawa na majumba ya wakubwa, halafu mwaka 1973 wakafanya jambo ambalo lilikuwa la kichaa kwa wakati ule: pesa za nyumba za umma, zile ambazo kila mji ulikuwa unajengea magorofa pembezoni, wao wakazielekeza kukarabati nyumba kuukuu za katikati ili wapangaji walewale waendelee kukaa. Walipotaka kuwanyang'anya wenye nyumba mali zao kukawa na kelele kubwa, wakalegeza, wakaenda kwa makubaliano: tunakusaidia kukarabati, we unashikilia kodi isipande kwa miaka kadhaa. Haikuwa kamilifu. Lakini waliona kwamba mtu ni sehemu ya jengo, na mpaka leo sijaona mpango ulioanza na swali zuri kuliko hilo.

Warsaw, mji mkuu wa Poland, pia nitaitaja kwa sababu inachekesha kidogo. Mji wa kale wa Warsaw ulisawazishwa na vita, ukajengwa upya kwa kufuata picha za mchoraji Bellotto na michoro ya wanafunzi wa usanifu, ukaingia Orodha ya Urithi mwaka 1980. Kwa hiyo mawe mengi pale ni ya umri wa babu yako tu. Lakini ndani waliweka makazi ya watu, ua za nyuma wakazifungua hewa iingie, mabomba na umeme vya kisasa. Watu wanaoshikilia kwamba urithi ni jiwe halisi la mwaka fulani wanapata shida sana na mji ule.

Cairo nako, mtaa wa Darb al-Ahmar, Mfuko wa Aga Khan uligeuza jalala la karne nyingi kuwa bustani ya hekta 30, Al-Azhar Park, ikafunguliwa mwaka 2005. Bustani ingeweza kuua mtaa jirani kwa kupandisha bei, wao wakaambatanisha na mikopo ya kukarabati nyumba za wakazi na mafunzo ya ufundi. Na Pontevedra kule Uhispania tangu 1999 walifukuza magari katikati ya mji, gari likaachwa pembeni mwa mji, mitaa iliyokuwa imekimbiwa ikarudisha watoto wanaocheza mpira. Sehemu nyingi wanaanza na mawe ya kupendeza ya kutembelea watalii, wale walianza na mama anayesukuma mtoto kwenye kigari. Tofauti hiyo inaonekana miaka ishirini baadaye.

Kuhusu kodi ya pango nikuonye kitu kimoja, kwa sababu kaka yako atakuja na hoja ya soko. George Town kule Penang, Malaysia, sheria ya kudhibiti kodi ilikuwa imeshikilia kodi chini sana kwa nyumba za zamani. Wapangaji walibaki, kweli, mitaa ilikuwa imejaa mafundi na wafanyabiashara wadogo, ila mwenye nyumba alikuwa anapata kidogo mno hana hata pesa ya kubadilisha kigae, nyumba zikaoza na watu wake ndani. Sheria ikafutwa 1997, ikaanza kuuma Januari 2000, kodi ikaruka, wapangaji wa vizazi wakatoka kwa wingi. Mwaka 2008 mji ukaingia Orodha ya Urithi wa Dunia, wengi wa waliokuwa wanausherehekea walikuta majirani wameshaondoka. Kwa hiyo kubana moja kwa moja kunaozesha nyumba na kuachia ghafla kunaondoa watu, panapofaa ni pale mwenye nyumba anaposaidiwa gharama ya ukarabati naye akaachia kitu kwenye kodi.

(Hapo kwenye hiyo orodha ya UNESCO, watu wanadhani ukiingia pesa zinaanza kumiminika. Hapana. Wanaweza kukusifu, kukuweka kwenye orodha ya walio hatarini, na wakichoka wanakutoa, Dresden walitolewa 2009 kwa sababu ya daraja, Liverpool 2021 kwa sababu ya majengo mapya bandarini. Miji yote miwili bado ipo na inapumua. Cheti kinasaidia kuzuia upuuzi, ila paa linalovuja utaziba mwenyewe.)

Haya, tuje kwenye ukuta wenu, manake hapo ndo una dharura kuliko hoteli.

Unga mweupe ni chumvi. Ukuta wa mawe na chokaa hauna ile karatasi ya kuzuia maji chini kama nyumba za sasa, ulijengwa ukijua maji yatapanda kidogo kutoka ardhini na yatatoka kwa kupumua kupitia chokaa. Chokaa ni laini, ina vitundu, inaachia mvuke. Simenti ni ngumu na imebana. Ukipiga lipu ya simenti nje, maji hayasimami, yanatafuta njia nyingine, yanapanda juu zaidi na kutokea ndani kwa mama, yanapokauka yanaacha chumvi, na chumvi ikiganda ndani ya jiwe inatanuka na kulivunja kidogo kidogo. Simenti hii ya Portland ilipata hataza mwaka 1824, yaani ni mtoto mdogo ukilinganisha na kuta zilizosimama karne nyingi bila yenyewe, halafu tunamwamini mtoto kuliko mzee. Msemo wa kuziba ufa wote tunaujua, ila hakuna aliyetuambia kuziba na nini, na wengi waliouziba kwa simenti ndo waliokuja kujenga ukuta.

Nakwambia kwa uchungu kwa sababu nilifanya mwenyewe. Nikiwa nimetoka chuo juzijuzi nilisimamia ukarabati wa ukuta mmoja wa zamani, tukaupiga simenti safi ya kunyooka, wakubwa wakaja kupiga picha. Mvua mbili baadaye lipu ilikuwa imetoa matumbo, ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama debe tupu, na tulipoibandua ilishuka na uso wa mawe. Nyuma yake ukuta ulikuwa mbichi, ungeweza kuuchota kwa kijiko. Mwashi mzee aliyekuwepo hakusema kitu, alichukua kipande akakiramba akatema, akanipa na mimi nionje. Chumvi tupu. Sijasahau ile ladha.

Kwa hiyo lipu hiyo mpya itoke. Polepole, kwa patasi na nyundo ndogo, si mashine, ukianzia sehemu zinazolia tupu. Halafu uache ukuta ukauke, na hapo ndo watu wanashindwa kwa kukosa subira, hesabu ya kukadiria ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene, ukuta wa nusu mita ukikaukia pande zote mbili unakula karibu mwaka. Ifagie chumvi ikitoka, usiimwagie maji. Lipu mpya iwe ya chokaa iliyolowekwa ikakaa, kwa matabaka membamba, kila tabaka liachwe likomae, na rangi ya juu iwe ya chokaa pia, ukipaka rangi ya mafuta umerudi pale pale. Kabla ya hayo yote lakini anza na paa na mifereji ya mvua, kwa sababu hakuna lipu duniani inayoshindana na maji yanayotoka juu kila siku. Na waya za umeme. Watu wanapenda mno chokaa wanasahau waya na moto kwa jumla, Januari 2014 mji wa kale wa Dukezong kule Yunnan, China, uliungua zaidi ya nyumba 200 kwa usiku mmoja, nyumba za mbao zimebanana.

Nyufa nazo usiziogope zote. Chukua jipsamu kidogo, paka kipande kama kidole kukatisha ufa, andika tarehe juu yake kwa penseli. Miezi mitatu ukirudi ukakuta kipo kizima, ufa ule ni mzee amelala. Kikiwa kimekatika, nyumba inatembea, ita injinia anayejua mawe, si yule wa nguzo na nondo tu.

Sasa hoteli. Tatizo langu na hoteli ndani ya nyumba hizi wala si watalii, ni uzito na maji. Kila chumba kinataka bafu lake, kwa hiyo sakafu ya boriti iliyozoea kitanda na kabati inabebeshwa vigae na mabomba, bomba likivuja ndani ya boriti huoni mpaka siku mguu wa mgeni unapotokea chini. Mkandarasi akiona boriti zimechoka anakwambia tumwage zege, zege la sentimita 10 ni kilo 240 kila mita ya mraba, ukuta wa mawe na chokaa haukuulizwa. Halafu juu kabisa wanataka mgahawa wa kutazama machweo, na tangi la lita 5,000, hizo ni tani 5 zimekaa kwenye kichwa cha nyumba ya babu. Mwambie mwekezaji akuletee michoro ya vitu hivyo vitatu tu, mabafu, sakafu na tangi, uone kama atarudi. Akirudi na majibu mazuri basi ni mtu wa kuongea naye.

Ila kuuza yote mi nisingeuza. Kaka mkubwa anahitaji pesa, namwelewa, hisa ya nyumba haiendi sokoni kununua chochote. Kuna njia ya katikati: chini abaki mama, ghorofa ya kwanza mpangishe kwa wakazi wa muda mrefu, familia au fundi mwenye karakana isiyo na moto, ghorofa ya juu ndo vyumba viwili vitatu vya wageni mkiviendesha wenyewe au mkimkodishia huyo mwekezaji kwa miaka inayohesabika, kwa mkataba unaosema nani anakarabati nini, kwa chokaa siyo simenti, hakuna tangi juu, na mama haguswi. Sehemu ya kodi mnamkatia kaka kwanza mpaka hisa yake iishe au aridhike. Mapato yatakuwa madogo kuliko bei ya kuuza leo, silifichi hilo. Mpate wakili, na muulize ofisi inayosimamia majengo ya kale ya hapo kwenu nini kinaruhusiwa kabla ya kugonga msumari, kwa sababu sheria zinatofautiana sana. Na msigawane kwa kujenga kuta za kutenganisha vyumba ndani ya nyumba, nimeona familia wanne wakikata nyumba vipande vinne, kila mmoja na ngazi yake, ndani ya miaka michache hakuna anayejua paa ni la nani.

Wiki hii fanya kimoja tu. Chukua bisibisi, panda ghorofani, tafuta zile boriti pale zinapoingia ukutani, upande ule wenye jasho. Chomeka bisibisi kwenye ncha ya kila boriti, kwa mkono tu bila nyundo. Ikigoma, vizuri, andika. Ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, piga picha, weka nguzo ya muda chini yake siku hiyohiyo, mhamishe mama kitanda upande wa pili, na uniandikie kabla kaka hajasaini chochote.